Soma Kilichoandikwa, Si Ulichokitaka

Wanangu, haya nitakayoyasema nimeyasema sana. Niliyasema darasani nilipokuwa na nguvu, nikayasema barazani baada ya kustaafu, na bado kila mwaka hunijia vijana wa kidato cha nne wenye nia ya kusoma Marekani. Hunipa shikamoo, huketi, kisha huuliza lile lile: "Mwalimu, siri ya SAT ni nini? Hesabu tunaiweza. Ni hiyo sehemu ya kusoma na kuandika inayotuangusha." Miguu yangu imechoka na macho yangu yamechoka, lakini kwenu sijachoka. Kaeni nirudie.

Kwanza tuvitazame hivyo vitabu mlivyobeba. Vingi mmevinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, na sina ubaya na mitumba. Ila fungua ukurasa wa mbele uangalie mwaka. Ukikuta kitabu kinazungumzia alama 2400, hicho ni cha mtihani wa kati ya 2005 na 2016, na mtihani huo haupo tena. Ukikuta maswali ya mlinganisho wa maneno, ya kuuliza jozi ipi inahusiana kama jozi ile, hayo yaliondolewa 2005. Maswali ya kutafuta kinyume cha neno yaliondoka mapema zaidi, 1994. Nimeona mtoto akikariri maneno elfu moja kutoka kitabu cha namna hiyo, usiku kwa usiku, huku mtihani anaoufanya haumuulizi hivyo. Juhudi yake iliniuma, kwa sababu ilikuwa juhudi ya kweli na ilikwenda mahali pasipo na mtihani.

SAT ya leo iko hivi. Tangu 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani wanaifanya kwenye kompyuta, na Marekani kwenyewe wakafuata 2024. Programu yake inaitwa Bluebook. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yamegawanywa awamu mbili za maswali 27 na dakika 32 kila moja. Vile vifungu virefu vilivyotutoa jasho zamani vimekwisha. Sasa kila swali lina kifungu chake kifupi, cha maneno 25 hadi 150, na ukilijibu unahamia kifungu kingine kabisa: hapa sayansi ya bahari, pale shairi la karne ya kumi na tisa, baadaye historia. Alama za sehemu hii ni kuanzia 200 hadi 800. Jibu la makosa halikatwi alama, kwa hiyo asiwepo miongoni mwenu wa kuacha swali wazi. Na jinsi utakavyofanya awamu ya kwanza ndiyo inayoamua kama awamu ya pili itakuwa ngumu au nyepesi. Ukiona ya pili imekuwa ngumu, usitetemeke. Huenda ni kwa sababu ya kwanza uliifanya vizuri.

Ufupi huo wa vifungu umewadanganya wengi. Mtoto anaona mistari mitano, anapitisha macho kama anavyosoma ujumbe wa simu, anashika maneno mawili matatu, kisha anakimbilia majibu. Na majibu yameandikwa na watu wanaojua kuwa utafanya hivyo.

Nitawaonyesha kwa Kiswahili, ili asiseme mtu kwamba Kiingereza ndicho kilichomponza. Chukueni kifungu hiki nilichokitunga mwenyewe:

"Seremala mmoja wa Lamu alikataa kupaka rangi milango aliyoichonga. Wateja walilalamika kuwa mbao tupu zinaonekana kuukuu hata kabla ya kutundikwa, wakaenda kwa wenzake. Miaka kumi baadaye rangi ya milango ya wenzake ilianza kubambuka, hali milango yake yeye ilikuwa vile vile kama siku ya kwanza. Tangu hapo karakana yake haikukosa kazi."

Swali: kwa mujibu wa kifungu, kwa nini seremala huyu alianza kupata kazi nyingi? Jibu la kwanza linasema ni kwa sababu milango ya Lamu inasifika duniani kote. La pili, kwa sababu alipunguza bei. La tatu, kwa sababu milango yake ilihifadhi sura yake kuliko iliyopakwa rangi. La nne, kwa sababu wateja wote walijutia dharau yao na kutaka kumfuta machozi.

Nimewapa vijana swali hili mara nyingi, na wanaoanguka huangukia la kwanza. Wanajua kuwa milango ya Lamu inasifika. Wanajua Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililoandikwa pale. Wengine huangukia la nne, kwa sababu ni wema wa roho na wanapenda hadithi iishe kwa watu kuombana radhi. Lakini wapi kifungu kimesema wateja wote? Wapi kimetaja majuto? Jibu la tatu ni kavu, halisisimui, na linasema kile tu kilichoandikwa. Ndilo.

Hapo ndipo penye uzito wa nasaha yangu yote, na mengine nitakayosema yanazunguka hapo hapo. Jibu liko kwenye ukurasa. Haliko kichwani mwako, wala kwenye imani yako, wala kwenye somo la jiografia ulilofaulu mwaka jana. Kabla ya kulibonyeza, weka kidole kwenye sentensi inayolibeba. Ukikosa pa kuweka kidole, hilo si jibu, hata liwe tamu vipi. Ogopeni maneno kama "wote", "daima", "kamwe" na "pekee" yanapotokea kwenye jibu hali kifungu hakikuyasema. Ogopeni pia jibu lililokopa maneno mazuri ya kifungu na kuyapanga upya mpaka yaseme jambo jingine.

Nanyi mnaotishwa na mashairi, mnanishangaza. Ni nani aliyewaandaa kwa shairi kuliko mwalimu wenu wa Fasihi? Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili mmekuwa mkiambiwa: andika ubeti wa tatu kwa lugha tutumbi. Mmefanya hivyo miaka minne, mkinung'unika. Basi SAT inapokupa beti mbili za mshairi wa Kimarekani aliyekufa zamani, fanya kazi ile ile kichwani: nani anasema, anamwambia nani, jambo gani limebadilika kati ya mwanzo na mwisho. Igeuze iwe sentensi moja ya nathari, kavu kabisa. Kisha ndipo utazame majibu. Na muhtasari mliokuwa mkiuchukia katika karatasi ya pili, wa kutoa hoja za aya kwa maneno machache, ndio unaojibu maswali ya wazo kuu. Mna silaha nyumbani, mnakwenda kuazima kwa jirani.

Kuhusu msamiati, sikatai kwamba unahitajika. Maswali ya mwanzo ya kila awamu huwa ya neno linalofaa mahali palipoachwa wazi. Lakini neno huulizwa likiwa ndani ya sentensi, na mara nyingi ni neno unalolijua kwa maana moja nalo limetumika kwa nyingine. Kwa hiyo ficha majibu kwa kiganja, soma sentensi, weka neno lako mwenyewe, hata likiwa la Kiswahili. Kisha fungua kiganja utafute linalokaribiana nalo. Wanafunzi wa Kenya mmezoea zoezi la kujaza nafasi kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza. Huyu ni ndugu yake.

Sasa nije kwenye sarufi. Robo hivi ya maswali ni ya kanuni za Kiingereza sanifu, na hapa alama zinaokotwa na yeyote aliye tayari kuketi na kujifunza, maana kanuni ni chache na zinajirudia. Msiseme "mimi si mzungumzaji wa asili". Mzungumzaji wa asili huamua kwa sikio, na sikio lake humdanganya.

Tazama upatanisho. Ukisema "sanduku la barua za marehemu bibi limeliwa na mchwa", hakuna Mswahili atakayesema "zimeliwa", ijapokuwa barua ndizo zilizo karibu na kitenzi. Ngeli ya sanduku inashika kamba mpaka mwisho. Kwenye Kiingereza mtego ni huo huo: wanaweka jina la wingi karibu na kitenzi ili usahau kuwa kiima ni cha umoja na kilitajwa nyuma. Rudi nyuma ukitafute kama unavyotafuta ngeli. Wewe umelelewa na upatanisho tangu unajifunza kusema. Yatumie hayo malezi.

Lakini kuna mahali Kiswahili chetu kitakuponza, nako ni kwenye koma. Sisi huandika "Jua lilizama, wavuvi walirudi, wake zao walikuwa wamewasha moto", na masikio yetu yanaridhika. Kwenye Kiingereza cha mtihani huu, koma peke yake haiwezi kushikilia sentensi mbili zilizokamilika. Unahitaji nukta, au nukta-mkato, au koma pamoja na kiunganishi. Nukta mbili zinazokaa juu na chini, ile koloni, hutanguliwa na sentensi iliyojitosheleza, kisha hufuatwa na maelezo au orodha. Na maneno ya kando yaliyochomekwa katikati ya sentensi, yakifunguliwa kwa koma yafungwe kwa koma. Yakifunguliwa kwa kistari kirefu yafungwe kwa kistari. Huwezi kufungua kwa kimoja na kufunga kwa kingine. Jifunzeni haya manne mpaka yawe usingizini.

Na jingine. Kitenzi chetu hubeba mtendaji wake tumboni: "nikitembea ufukweni" tayari imesema ni mimi. Kitenzi cha Kiingereza kinachoanza sentensi namna hiyo, kama "walking", hakibebi mtu. Kinamtegemea mtu atakayetajwa mara baada ya koma. Ikiwa baada ya koma kuna nyota, basi nyota ndizo zilizokuwa zikitembea ufukweni. Mkiona sentensi imeanza hivyo, ulizeni kwanza: nani anatenda? Jibu ni lile linalomweka mtu huyo baada ya koma.

Maswali ya mwisho ya kila awamu ni ya viunganishi na ya kupanga hoja. Kwenye viunganishi msianze na majibu. Someni sentensi ya kwanza na ya pili, jiulizeni zinapingana, zinasababishana, au moja ni mfano wa nyingine. Mkishajua, neno litajitokeza lenyewe. Kwenye yale ya kupanga hoja mtapewa vidokezo kadhaa na kuambiwa lengo la mwandishi. Soma lengo kwanza. Majibu yote manne huwa yanalandana na vidokezo, hivyo ukitafuta lililo kweli utazunguka. Tafuta linalotimiza lengo uliloambiwa.

Sehemu hii inaitwa ya kusoma na kuandika, na ndani yake hakuna mahali utakapoandika hata sentensi moja. Insha iliingizwa 2005, ikafanywa ya hiari 2016, ikaondolewa 2021. Hili linanisikitisha, kwa sababu nimeona jinsi mtoto anavyonyooka akili anapolazimika kuandika aya yake mwenyewe. Kwa hiyo kwangu hamjasamehewa. Kila siku soma makala moja ya Kiingereza, ya sayansi, historia au siasa, ufunge, kisha uandike kwa sentensi tatu zako mwenyewe mwandishi amesema nini na amethibitishaje. Sentensi tatu tu. Fanya hivyo miezi mitatu na utaona vifungu vya maneno 100 vinavyokuwa vyepesi. Tena vyuo vyenyewe vitawaomba insha za maombi, na huko hakuna majibu manne ya kuchagua.

Soma pia vitabu vizima. Najua mtaniambia hakuna muda, na najua simu inakula saa ngapi. Vitabu vya zamani vilivyokwisha muda wa hakimiliki viko bure kwenye Project Gutenberg, na vitafunguka kwenye hiyo hiyo simu. Anzeni na masimulizi ya Frederick Douglass ya mwaka 1845. Ni kitabu kifupi. Alizaliwa mtumwa Maryland. Bibi wa nyumba aliyopelekwa Baltimore alianza kumfundisha herufi, mumewe akamkataza, akisema mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto yule aliyasikia maneno hayo, na hapo ndipo alipojua thamani ya kile alichokuwa akinyimwa. Akawa anachukua mkate mfukoni na kuwapa watoto maskini wa Kizungu wa mtaani, wao wakimlipa kwa masomo. Msome mtu huyo kwa Kiingereza chake mwenyewe. Kinapanda na kushuka, kina sentensi ndefu za karne yake, na mtihani unapenda vifungu vya aina hiyo.

Sasa fedha. Ada ya mtihani hulipwa kwa dola, na wazazi wenu wengi wanaitoa pasipo kitu. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, hakikisheni chuo mnachokitaka kinauhitaji. Wakati wa janga la COVID-19 vyuo vingi viliacha kuudai. MIT ikarudisha sharti hilo 2022, na 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vikatangaza kurudi pia, lakini vingine vingi havijarudi. Mtu asilipe kwa ajili ya mtihani ambao haukuulizwa. Na matayarisho yenyewe hayahitaji fedha. Ndani ya Bluebook mna mitihani kamili ya majaribio, bure. Khan Academy imekuwa na mazoezi rasmi, bure, tangu 2015. Fanya jaribio moja zima ukijipimia muda, bila kusimama, halafu utumie siku mbili kulikagua. Kwa kila swali ulilokosa andika sababu: sikusoma vizuri, sikujua kanuni, nilileta ya kwangu, niliharakisha. Nakuhakikishia daftari hilo litakufaa kuliko darasa lolote la kulipia.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mtaletewa ujumbe kwenye simu: maswali ya mwezi huu, tayari, kwa shilingi kadhaa. Kuna kituo kimoja kilichokuwa kikiwauzia watoto karatasi za namna hiyo, na wazazi walinijia wakilia baada ya mtihani kwa sababu hata swali moja halikufanana. Lakini hata yangefanana ningewakataza. Wanaosimamia mtihani, College Board, wakishuku udanganyifu hufuta matokeo. Na ukiingia chuoni kwa kusoma ulichonunua, utasomaje kurasa mia kwa wiki watakazokupa huko? Sitaki mfike Marekani mkavunjike mbele ya watu wasiowajua, mbali na mama zenu.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hawawaambii. Mtihani huu ulifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926, na aliyeongoza kuutunga ni Carl Brigham wa Princeton. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amechapisha kitabu kilichopanga akili za watu kwa asili zao, na watu weusi akawaweka chini. Mwaka 1930 Brigham huyo huyo aliandika kuyakana matokeo yake, akikiri kuwa hayakuwa na msingi. Nawaambia hili ili mkirudi na alama 480 asije mtu akawaambia ndicho kipimo cha akili zenu, wala nanyi msijiambie hivyo usiku. Ni kipimo cha jinsi ulivyosoma vifungu vifupi vya Kiingereza kwa dakika 64, asubuhi moja. Kinaweza kurudiwa. Na anayepata 750 naye asinyanyue pua barazani kwangu.

Siku yenyewe ikifika, mengi yatakuwa yamekwisha kuamuliwa na miezi iliyopita. Beba pasipoti. Kompyuta iwe imejaa chaji na waya wake uwe mkobani, maana umeme wetu mnaujua. Bluebook iwe imeshapakuliwa na kutayarishwa siku chache kabla, si asubuhi ile mlangoni. Intaneti ikikatika katikati, usiinuke wala usilie. Endelea kujibu, programu inahifadhi majibu yako kwenye mashine mpaka mtandao urudi. Kila swali lina dakika moja na sekunde 11 hivi. Swali likikukwamisha, weka alama, chagua la kubahatisha, pita, urudi baadaye. Katika yale 54, manne ni ya majaribio na hayahesabiwi, nawe hutayajua ni yapi, kwa hiyo hakuna swali la ajabu linalostahili kukuvunja moyo. Anayelemewa na muda anaweza kuanza na yale ya sarufi yaliyo katikati ya awamu kisha akarudi juu. Wengine wamefaidika hivyo, ila jaribu nyumbani kwanza, usijaribu ukumbini.

Kati ya sehemu hii na ya hesabu kuna mapumziko ya dakika 10. Msizitumie kuulizana majibu. Kuleni mlichobeba, nendeni msalani, nyosheni mgongo, mrudi mkaketi. Hesabu ina maswali 44 na dakika 70, na kwa sehemu hiyo mtafuteni mwalimu wenu wa hesabu mapema, wiki hii, akiwa bado na subira.